Kumfundisha Mtoto Uamuzi Mwema, Ujasiri na Ustahimilivu kwa Kitabu cha Picha: Mwongozo Kamili

Mtoto hajengwi na ile sentensi ya mwisho inayosema uongo ni mbaya. Hilo analijua, ameshaambiwa mara chungu nzima. Kinachomjenga ni ile nafasi fupi kabla ukurasa haujafunuliwa, pale mhusika amebanwa, njia ziko mbili, na mtoto hajui bado itakuwaje. Hapo anaweza kuamua yeye mwenyewe, akakosea, akabadili mawazo, na hakuna mtu atakayeumia. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kuitumia nafasi hiyo. Unawafaa wazazi, walezi, bibi na babu, na walimu wa watoto wadogo, hasa kwa umri wa miaka 3 hadi 8.

Ili tusizungumze hewani, nimetunga hadithi moja ya mfano. Neema ana miaka 6 na anatamani sana kuendesha baiskeli. Siku moja anaichukua baiskeli ya kaka yake bila kuomba, anaanguka nayo, taa ya mbele inapasuka. Anairudisha pale ilipokuwa, ila anaigeuza ili taa iliyopasuka itazame ukuta. Kaka anarudi nyumbani. Neema anahangaika, mwishowe anamwambia. Kaka anakasirika kidogo, kisha anakubali kumfundisha. Neema anaanguka, anaanguka tena, mpaka siku anaiendesha bila kuanguka. Kisa kidogo tu, lakini kina uamuzi, ujasiri na ustahimilivu kwa pamoja.

Hatua ya kwanza: Chagua kitabu chenye mtego wa kweli

Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, kwa sababu kiwandani karatasi kubwa huchapwa kisha hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Nafasi ni ndogo, kwa hiyo mwandishi mzuri huacha mambo mengi yasemwe na picha. Ukikuta kitabu ambacho picha inarudia tu kilichoandikwa, na maandishi yamejaa mawaidha, kirudishe. Utakosa la kumuuliza mtoto.

Swali la kwanza ninalojiuliza nikishika kitabu cha aina hii: je, ile njia mbaya ina utamu wowote? Mhusika akitakiwa kuchagua kati ya kumsaidia rafiki na kumsukuma mtoni bila sababu, hapo hakuna uamuzi. Kila mtoto atajibu sawasawa na hatakuwa amefikiri chochote. Neema anayegeuza baiskeli ukutani ni jambo jingine kabisa. Mtoto yeyote anaielewa hamu ile ya kuficha, na huenda leo asubuhi ameficha kitu.

Swali la pili: nani anayelimaliza tatizo? Kuna vitabu vingi ambavyo mtoto anahangaika kurasa 20, kisha baba anatokea na kuweka kila kitu sawa. Mtu mzima anaweza kusaidia, hakuna ubaya, ila ile hatua muhimu lazima ipigwe na mtoto mwenyewe. La tatu ni kushindwa. Mhusika ashindwe zaidi ya mara moja, na iwe wazi kila mara kuna kitu amekibadilisha. Kama anarudia jambo lile lile mpaka bahati inamwangukia, kitabu hicho kinafundisha ukaidi.

Angalia pia mwisho wake, hasa kwa hadithi za ukweli na uongo. Mwaka 2014 Kang Lee na Victoria Talwar, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti uliowahusu watoto wa miaka 3 hadi 7. Watoto walisomewa hadithi, kisha wakapimwa kama wangekiri kuwa walichungulia kitu walichokatazwa kukitazama. Hadithi ambazo mwongo anaadhibiwa hazikuwafanya waseme ukweli zaidi. Iliyosaidia ni ile ya mtoto aliyekiri kosa na akapongezwa kwa kukiri. Watafiti walipoibadilisha hadithi hiyo ili mwisho wake uwe mbaya, nguvu yake ikapotea. Kwa hiyo kitabu kinachotisha kwa adhabu kiache rafuni, hata kama wewe ulikuzwa nacho.

Vipi kuhusu wanyama? Watoto wanawapenda, na mimi siwakatai. Lakini utafiti wa Nicole Larsen, Kang Lee na Patricia Ganea uliotoka 2017 ulionyesha kwamba watoto wa miaka 4 hadi 6 waliosomewa hadithi ya kugawana vitu yenye wahusika binadamu waligawa zaidi baadaye kuliko waliosomewa hadithi ile ile yenye wanyama wanaovaa nguo. Ukiwa na jambo mahususi unalotaka mtoto alichukue na kulitenda, chagua mhusika anayefanana naye. Na kuna hili la Sungura wetu. Yeye hushinda kwa kudanganya, na watoto humshangilia. Msome kwa raha zako, ila usimpe kazi ya kufundisha uaminifu, haiwezi.

Hatua ya pili: Kisome peke yako kwanza

Dakika kumi zinatosha. Soma kitabu chote kimyakimya, kisha kirudie ukitazama picha tu. Unatafuta kurasa tatu.

Ya kwanza ni ukurasa wa uamuzi, pale mhusika anajua anachotakiwa kufanya na anajua pia anachotamani kufanya. Kwa Neema ni ile picha ya baiskeli imeelekezwa ukutani na kaka anaingia mlangoni. Ya pili ni ukurasa wa hofu, ambao unaonyesha mwili wake: mabega yamepanda, mikono iko nyuma, macho yako chini. Ya tatu ni ukurasa wa kuanguka, na hapa chagua anguko la pili au la tatu, kwa kuwa la kwanza halimkatishi mtu tamaa sana. Weka kipande cha karatasi kwenye kila mmoja. Usiweke vipande kumi. Kitabu kinachosimamishwa kila ukurasa hugeuka mtihani, na watoto wanaunusa mtihani kutoka mbali.

Ukiwa hapo, amua pia swali moja la kila ukurasa na uliandike kwenye kile kipande. Swali zuri halijibiwi kwa ndiyo wala hapana, na wewe mwenyewe hulijui jibu lake. "Je, Neema amefanya vizuri?" ni swali bovu, kwa sababu mtoto atatazama uso wako ajue unataka nini. "Neema anawaza nini hapa?" linafaa. "Kuna njia ngapi za kutoka hapa?" linafaa zaidi.

Hatua ya tatu: Mara ya kwanza soma tu

Mpakate au mketi ubavu kwa ubavu, kitabu kiwe katikati na picha ziwe karibu naye. Mary Ann Evans na Jean Saint-Aubin walipofuatilia mwendo wa macho ya watoto wadogo wanaosomewa, katika utafiti wa 2005, waliona macho yako kwenye picha karibu muda wote, maandishi hayatazamwi. Maana yake ni kwamba ukimaliza kusoma mistari na kufunua papo hapo, umemnyang'anya mtoto ukurasa akiwa katikati ya kuusoma. Maliza mstari, nyamaza, mwache atazame, funua akiwa tayari.

Usiulize maswali siku hiyo. Hadithi inahitaji kwenda mbio mara moja ili imnase. Akisema kitu, mjibu kwa ufupi na uendelee. Mkifika mwisho, funga kitabu na usiseme "umejifunza nini?" Watu wengi hapa hawajizuii. Lakini mwaka 1999 Darcia Narvaez na wenzake walionyesha kwamba hata watoto wa darasa la tatu hupata shida kulitambua funzo la hadithi ambalo mtu mzima analiona liko wazi kabisa. Mwenye miaka 5 ukimuuliza amejifunza nini kwa Neema, anaweza kukujibu "usiendeshe baiskeli." Naye atakuwa ameelewa hadithi kwa namna yake. Usimcheke.

Hatua ya nne: Mara ya pili, simama kwenye ukurasa wa uamuzi

Inaweza kuwa kesho yake au baada ya siku mbili. Soma kama kawaida hadi kwenye kile kipande chako cha kwanza, kisha weka kiganja juu ya kona ya ukurasa ili usifunuke. Hicho kitendo kidogo kinamwambia mtoto kwamba hapa tunasubiri.

Njia ya kuzungumza iliyo rahisi na iliyojaribiwa ni ile aliyoichapisha Grover Whitehurst na wenzake mwaka 1988. Wazazi wa watoto wa miaka 2 hivi walifundishwa kuuliza maswali yaliyo wazi, kuyachukua majibu ya mtoto na kuyaongezea kidogo. Baada ya wiki nne tu, watoto wao walikuwa mbele katika kujieleza kuliko wa wazazi waliosoma kwa mtindo wa kawaida. Lengo lao lilikuwa lugha, lakini mpangilio ule ule unafaa kwa uamuzi: uliza, sikiliza, ongeza kidogo, mrudishie.

Hivi ndivyo mazungumzo yanavyoweza kwenda kati ya mama na mtoto wake wa miaka 5.

"Hii taa inatazama wapi?"
"Ukutani."
"Mbona ameigeuza hivyo?"
"Ili kaka asiione."
"Ehee. Kaka asipoiona itakuwaje?"
"Neema hatagombezwa."
"Kweli, leo hatagombezwa. Na kaka akitaka kuiendesha jioni, giza limeingia?"
Kimya.
"Atajua imepasuka. Atasema ni rafiki yake kaivunja."
"Alaa. Kwa hiyo atamkasirikia nani?"
"Rafiki yake. Lakini siyo yeye!"
"Siyo yeye kweli. Sasa wewe ungekuwa Neema ungefanyaje?"
"Ningemwambia mama, halafu mama amwambie kaka."
"Hiyo nayo ni njia. Haya, tufunue tuone mwenzio amefanyaje."

Tazama ambayo mama hakuyasema. Mtoto aliposema kuficha kunasaidia kuepa kugombezwa, hakumkatiza wala kumkemea. Alikubali kwamba ni kweli, kwa leo. Kisha akasogeza saa mbele mpaka jioni, na mtoto akaona mwenyewe kwamba lawama itamwangukia asiyehusika. Huo ndio uamuzi mwema ulivyo kwa umri huu: kuona mbele kidogo, na kumwona mtu mwingine ambaye hayumo kwenye picha. Jibu la mwisho la mtoto halikuwa lile la kitabuni, nalo halikusahihishwa. Kumpitishia mama habari ni njia halisi ambayo watoto huitumia, na ni bora mara elfu kuliko kunyamaza.

Ile kimya ya katikati ni ya thamani. Mtu mzima hawezi kuivumilia, baada ya pumzi mbili anajaza yeye. Hesabu moyoni hadi kumi. Mtoto anayetazama pembeni au anayechezea kidole mara nyingi ndiye anayefikiri.

Na akisema, "Ningenyamaza tu"? Mshukuru kwa kusema kweli, maana amekuambia kitu ambacho angeweza kukuficha. Kisha uliza swali lile lile la jioni: ikifika usiku itakuwaje? Neema atalala vipi? Usigeuze kikao kuwa kesi ya yale aliyoyafanya wiki iliyopita. Siku utakapofanya hivyo, hatakujibu tena kwa ukweli mbele ya kitabu chochote.

Umri unabadilisha maswali. Wa miaka 3 muulize uso unasema nini na nini kitafuata, inatosha. Kuanzia miaka 4 au 5 watoto wengi huanza kuelewa kwamba mtu mwingine anaweza kuamini jambo ambalo si kweli, na hapo ndipo swali la "kaka anafikiri nini?" linapoanza kuzaa matunda. Wa miaka 7 au 8 mpe magumu: je, ingekuwa taa ilikuwa imepasuka tangu zamani na kaka mwenyewe hajui? Je, rafiki yako amekuomba usiseme?

Hatua ya tano: Ujasiri uanze mwilini

Nenda kwenye ukurasa wa hofu. Usiulize "Neema ni jasiri au mwoga?" maana hakuna mtoto anayetaka kuwa upande wa mwoga, na mazungumzo yataishia hapo. Muulize hofu ya Neema iko wapi. Mwache aoneshe kwa kidole: mabegani, tumboni, kwenye vidole vilivyokunjwa. Kisha: "Wewe yako hukaa wapi?" Watoto wengi wanalo jibu tayari. Ukimaliza, mtoto amejua kwamba hata yule anayesifiwa kitabuni alikuwa anatetemeka, na alisema huku akitetemeka.

Wahusika wasioogopa chochote hawafai kazi hii. Mtoto anayewaona anahitimisha kwamba, kwa kuwa yeye tumbo linamsokota, basi ujasiri si wake.

Tenganisheni pia ujasiri na kujitia hatarini, tena mapema, hasa kwa watoto wanaochochewa na wenzao. Chukua picha ya Neema akipanda baiskeli peke yake mteremkoni na umuulize kama hapo alikuwa jasiri. Wengi watasema ndiyo. Usibishe, uliza: "Alikuwa anamsaidia nani? Akianguka, nani alijua yuko wapi?" Halafu mlinganishe na Neema aliyesimama mbele ya kaka. Mtoto wa miaka 6 huiona tofauti, ingawa huenda asipate maneno ya kuieleza.

Jaribuni kuigiza. Wewe uwe kaka, yeye awe Neema, mtafute sentensi ya kwanza. Kukiri kugumu kote kumo kwenye sentensi ya kwanza. "Kaka, nina jambo la kukuambia na naogopa." Mtoto akiisema mara kadhaa kwa mchezo, siku ya siku mdomo unakuwa umeshaizoea. Badilishaneni nafasi, naye awe kaka. Utasikia sauti yako mwenyewe ya kugombeza ikitoka kinywani mwake, tena kwa usahihi wa kuudhi.

Jambo moja ni la lazima. Unapofundisha ujasiri wa kusema, mtoto aelewe kwamba unahusu pia makosa ya wengine, wakiwemo watu wazima. Mtu akimshika asivyopenda, akimtisha, au akimwambia "iwe siri yetu", kumwambia mtu anayemwamini ni ujasiri ule ule, na hatagombezwa hata kama na yeye alikosea jambo fulani siku hiyo. Liseme wazi, kwa sauti ya kawaida, bila kumtia hofu. Kwa hili sisubiri mtoto agundue mwenyewe.

Hatua ya sita: Hesabuni maanguko

Kwenye ustahimilivu watu wazima huharakisha. Picha za kushindwa tunazipita upesi ili tufike pale mtoto anapiga kengele na kila mtu anacheka. Fanya kinyume chake. Rudini kwenye anguko la kwanza, la pili, la tatu, na kwa kila moja muulize mtoto: "Safari hii amebadilisha nini?" Mara ya kwanza Neema alitazama tairi. Mara ya pili alitazama mbele lakini akasahau kukanyaga pedali. Mara ya tatu kaka ameshusha tandiko, miguu inagusa chini. Kama kitabu hakisemi, picha mara nyingi inaonyesha, na kumwachia mtoto aigundue tofauti hiyo ni raha kwake.

Angalia sifa unazotoa. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio yao na watoto wa darasa la tano. Waliosifiwa kuwa wana akili, walipokutana na maswali magumu, walikata tamaa mapema na kuyafurahia kidogo kuliko waliosifiwa kwa bidii yao. Hata walipotakiwa kutaja alama walizopata, wengi zaidi miongoni mwao walizitia chumvi. Kwa hiyo mbele ya kitabu usiseme "Neema ana kipaji." Sema alichofanya: ameshusha tandiko, ameomba msaada, amerudi kesho yake. Na kwa mtoto wako vivyo hivyo, tuseme anapounganisha vipande vya picha. "Umejaribu kipande cha pembeni kwanza, kikakubali" ina kazi kubwa kuliko "hongera, wewe genius wangu", ambayo ina utamu wa sekunde moja.

Kuna mbinu nyingine ninayoipenda sana kwa sababu haihitaji chochote. Rachel White na wenzake, katika utafiti wa 2017, waliwapa watoto wa miaka 4 na 6 kazi ya kuchosha, huku mchezo wa kuvutia uko karibu. Waliojifanya kuwa mhusika fulani shupavu wanayempenda, na kujiuliza kama mhusika huyo anafanya bidii, waliendelea na kazi kwa muda mrefu kuliko waliojiuliza "je, mimi nafanya bidii?" Basi mtoto anapokwama kwenye kamba za viatu, usimpe hotuba. Muulize: "Neema angefanyaje hapa?" Atoke nje ya hasira yake kidogo, ajitazame kwa macho ya mwingine.

Ila ustahimilivu una mpaka, na mpaka wenyewe ufundishwe. Kupumzika si kushindwa. Kuomba msaada baada ya kujaribu si uvivu. Kuacha jambo lisilokufaa nako kunaweza kuwa uamuzi mwema. Muulize kama Neema angeumia goti vibaya, angeendelea siku ile ile? Mtoto anayeambiwa kila siku asikate tamaa, na haambiwi lini apumzike, ataficha maumivu.

Na wewe mwenyewe unatazamwa. Julia Leonard, Yuna Lee na Laura Schulz walionyesha mwaka 2017 kwamba hata watoto wa umri wa karibu miezi 15, wakimwona mtu mzima akihangaika kabla ya kufanikiwa, nao hujaribu kwa bidii zaidi kazi yao wenyewe kuliko wakimwona amefanikiwa bila taabu. Ukipambana na kifuniko kigumu, pambana kwa sauti: "Hakifunguki. Ngoja nijaribu na kitambaa."

Hatua ya saba: Kitoe kitabuni

Siku chache baadaye mwambie mtoto achore ukurasa ambao haumo. Nini kilitokea usiku ule kabla Neema hajasema? Rafiki wa kaka alifikiri nini? Au mwisho mwingine: Neema hakusema, sasa wiki imepita. Michoro hii itakuambia mengi kuliko maswali yako, na mtoto asiyependa kuongea huongea sana kalamu ikiwa mkononi.

Mkitaka kwenda mbele, tengenezeni kitabu chenu. Karatasi nne zilizokunjwa katikati, zikapachikwa moja ndani ya nyingine na kushonwa mshono mmoja wa uzi kwenye kunjo, zinatoa kurasa 16. Mhusika awe mtoto mwenye tatizo linalofanana na lake, lakini asiwe yeye, na jina liwe jingine. Ukurasa wa 6 au wa 7 uwe wa uamuzi. Mwache aamue mwisho, hata ukiwa wa ajabu. Wewe kazi yako ni kuandika anachokuambia, kwa maneno yake, bila kunyoosha.

Katika maisha ya kila siku, mtaje Neema kwa uchache na katika nyakati nzuri. Mtoto akisema ukweli mgumu: "Umefanya kama Neema pale mlangoni." Usimtumie kama fimbo. "Neema asingefanya hivyo!" ikisemwa mara mbili tu, kitabu kitatupwa chini ya kitanda na hakitatoka.

Yanayokwamisha

Anataka kitabu kile kile kila usiku. Mpe. Jessica Horst na wenzake waligundua mwaka 2011 kuwa watoto wa miaka 3 waliorudiwa hadithi zile zile walijifunza maneno mapya vizuri zaidi kuliko waliosomewa hadithi tofauti zenye maneno hayo hayo. Kwa mambo mazito ya moyoni marudio yanasaidia vilevile: mara ya kumi ndipo anapouliza swali ambalo hukulitarajia.

Anacheka mhusika akianguka. Huenda picha inachekesha kweli, basi chekeni. Ukimaliza kucheka, mrudishe usoni: "Na yeye anacheka?"

Hajibu kabisa. Acha kuuliza, fikiri kwa sauti mwenyewe: "Mimi hapa ningeogopa. Labda ningejificha kwanza." Kisha funua. Baadhi ya watoto hukujibu siku ya tatu, mkiwa njiani, bila kutaja kitabu.

Wako wawili, mmoja ana miaka 4 na mwingine 8. Mdogo ajibu kwanza, kila mara. Mkubwa mpe kazi ya kusoma, au ya kuwa kaka kwenye igizo.

Uko darasani na watoto 40. Shika kitabu ubavuni, kurasa ziwatazame, na utembee nacho taratibu upande hadi upande kabla ya kusoma mstari. Kwenye ukurasa wa uamuzi usichague wanaonyosha mikono, maana ni wale wale. Kila mmoja amgeukie jirani yake amwambie angefanyaje, kisha wasimame kulia wanaosema asiseme na kushoto wanaosema aseme. Ruhusa ya kuhama iwepo. Uliza waliohama nini kimewahamisha, na uwasikilize hao kuliko wote.

Mtoto analia katikati ya hadithi. Funga kitabu, mshike, msimalize siku hiyo. Kama amekuambia jambo lililomtokea, hilo sasa ndilo la kushughulikia, na likiwa zito kuliko uwezo wako mtafute mtu mwenye ujuzi wa watoto. Kitabu kibaki mahali anapokifikia, akitaka atakileta mwenyewe.